Forgejo juu ya saluni: miaka miwili ya kulea seva ya kodi Sinza

Saa mbaya kuliko zote kwa seva yetu ni Jumamosi saa nane mchana. Ofisi yetu ipo ghorofani, Sinza, na chini yetu kuna saluni. Saa nane ndipo bibi harusi na wapambe wake wanapokaa chini ya draya, tatu au nne kwa mpigo, na kwa kuwa fundi aliyelaza nyaya za jengo hili hakuwahi kuota kwamba draya nne na kompyuta sita zitakutana kwenye njia moja, swichi kuu inajikata. Feni inapunguza mwendo, taa zinazima, UPS inaanza kulia pii, pii. Juu ya kabati la mafaili, kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kamusi kinaendelea na kazi yake. Betri inakipa dakika kama kumi na mbili za kuishi. Kwa kawaida mwenye saluni anapandisha swichi ndani ya dakika tatu, huku akituomba radhi kwa sauti kutoka uani.

Ndani ya kisanduku hicho kuna Forgejo, programu ya kutunza kodi za timu, yaani maandishi ya programu tunazotengeneza: kila badiliko, nani alilifanya na lini, maombi ya kuunganisha kazi ambayo wote tunayaita PR, orodha ya kasoro na ubishi wetu wote chini yake. Ofisini tunasema "kodi", hatusemi "msimbo", japo mhasibu wetu hajazoea mpaka leo. Siku kijana mmoja alipopaza sauti "Jamani, kodi imepotea!", mama wa watu alisimama na faili la TRA mkononi.

Tupo sita. Tunatengeneza mifumo ya maduka ya dawa, zahanati na saccos mbili tatu. Mimi sikusomea seva. Nimeandika PHP, lugha ya kuandikia programu, miaka minane, na usimamizi wa seva niliupata kama mtu anavyopata ukatibu wa kikoba: sikuhudhuria kikao, nikakuta nimechaguliwa. Hiyo ilikuwa Juni 2023. Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu timu tatu tofauti zimeniuliza kama nao waweke ya kwao, na nimechoka kujibu kwa voice note.

Kwanza tuondoe suala la hela, maana wengi wakisikia "seva yetu wenyewe" wanadhani tumekimbia bili. GitHub, huduma ya kutunza kodi mtandaoni, waliruhusu repo (folda za mradi na historia yake) za faragha bila kikomo cha watu, bure, tangu Aprili 2020, na mpango wa timu wakaushusha siku hiyohiyo hadi dola 4 kwa kichwa kwa mwezi. Kwa watu sita hiyo ni dola 288 kwa mwaka. Mimi mwaka wa kwanza nilizidisha: mashine ya mtumba 390,000, UPS 165,000, diski mbili za nje 140,000 kila moja, na ada ya kukodi seva ndogo ya Ulaya ambayo nitaieleza huko mbele. Saa zangu sijazipigia hesabu, na hakuna anayezilipa. Anayetaka kubana matumizi arudi zake GitHub, hakuna atakayemcheka.

Sababu yetu ilikuwa mkataba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ghafla wanasheria wa wateja wakaanza kusoma mikataba wamevaa miwani. Sheria yenyewe inahusu taarifa za watu. Haijasema popote kwamba kodi yako isilale ng'ambo. Lakini mwanasheria wa zahanati moja aliona ni rahisi kuandika "vyote vibaki nchini" kuliko kukaa na sisi kuchambua kipi ni kipi. Mkataba ulikuwa mnono. Tukasaini, nikaenda Kariakoo.

Mashine ni Lenovo ThinkCentre M710q, vile visanduku vidogo vilivyostaafu kwenye maofisi ya nje vikaja kwetu kwenye maboksi. Kijana wa duka aliniwashia, akaniambia "i5, RAM nane, dada, hii ni chuma," na kweli kilikuwa chuma. Nilipomwambia afungue mfuniko nikaona diski ya ndani, SSD ya GB 256, imebandikwa stika isiyo na jina la mtengenezaji, imeandikwa tu "SSD" kwa herufi kubwa. Nikaiona, nikalipa, nikaondoka. Kumbukeni hiyo diski.

Jaribio la kwanza halikuwa Forgejo. Niliweka jukwaa moja kubwa lenye kila kitu unachoweza kukitaka na vingi usivyovitaka. Kwenye RAM ya GB 8 ulikuwa unabofya, unaenda kununua vocha, unarudi, ukurasa bado unajifikiria. Baada ya wiki mbili nikaling'oa, nikaweka Gitea 1.19, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa timu ndogo wanalipenda kabila hili. Ni faili moja tu. Unalishusha, unalipatia ruhusa ya kuendeshwa, unafungua mlango wa 3000 kwenye kivinjari, unajibu maswali ya ukurasa mmoja, kazi imeisha. Hifadhidata nikachagua SQLite, ambayo nayo ni faili moja. Kumbukumbu inayotumika kwetu sisi sita, nikiiangalia mchana wa kazi, haijawahi kufika robo ya GB. Kivinjari changu chenye tabo ya YouTube kinakula zaidi.

Ukoo huu una historia ya kugombea mirathi. Alianza Gogs mwaka 2014, mradi ulioshikwa na mkono mmoja. Waliotaka mikono mingi wakajitenga mwishoni mwa 2016 wakaanzisha Gitea. Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba jina na anwani za Gitea ziko chini ya kampuni, baadhi wakanuna, na kabla mwaka haujaisha ikazaliwa Forgejo chini ya Codeberg, chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin. Jina ni la Kiesperanto, maana yake karakana ya mhunzi, na hutamkwa kama "fojeyo". Ofisini kila mtu ana matamshi yake, nimeacha kusahihisha.

Sikuhamia Forgejo kwa ajili ya siasa hizo. Nilihama kwa sababu ya uvivu: Aprili 2024 walitoa toleo la 7.0, la kwanza wanaloahidi kulitunza kwa muda mrefu, na mimi sitaki kupandisha toleo kila baada ya miezi mitatu. Mwezi Juni nilizima Gitea 1.21, nikaweka faili la Forgejo mahali pake, nikawasha. Dakika nane, na nyingi katika hizo nilikuwa nakitazama kidole changu kisithubutu kubonyeza. Njia hiyo rahisi sasa imefungwa kwa walio mbele: Gitea 1.22 ndiyo ya mwisho inayohamika moja kwa moja, tena kwa kupitia Forgejo toleo la 10. Anayeanza leo achague upande siku ya kwanza. Sisi tulipandia 11.0, ambayo nayo ilitolewa kama ya kutunzwa muda mrefu.

Sasa niseme siku seva hii ilipojilipa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi ikabaki na intaneti ya kuokoteza. Jumatatu asubuhi nilifika nikakuta rauta imewaka taa zake zote za kijani kama vile hakuna kilichotokea. WhatsApp inaonyesha kale kasaa tu. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kuizima na kuiwasha rauta mara nne na sasa anaitazama kwa chuki. Nikafungua kivinjari, nikaandika anwani ya seva ya ndani, ukurasa ukafunguka kabla sijatoa kidole kwenye kibodi. Mtandao wa ndani ya ofisi haujui habari za bahari. Waya unatoka kwenye laptopu unaingia kwenye swichi, kutoka swichi unaingia kwenye kisanduku juu ya kabati, mita sita kwa jumla.

Siku ile tulikomiti na kupushi (kuhifadhi mabadiliko na kuyapeleka kwenye seva) kama kawaida, tukapitia PR, tukabishana kwenye maoni kama kawaida. Mwenzetu anayeishi Kigamboni, ambaye siku tatu kwa wiki hufanyia kazi nyumbani, alivuka na pantoni, akagombania daladala, akaingia karibu saa sita jasho linamtiririka, begi kalibeba kifuani. "Dada, nimekuja kupushi." Akachomeka waya, akapushi komiti saba, akanywa chai, akauliza kama sasa anaweza kurudi.

Lakini mchana uleule tulijua pia ni wapi hatujitegemei. Kujenga mradi kunahitaji vifurushi vya watu wengine, vya npm (vya JavaScript) na vya Composer (vya PHP), na hivyo vinatoka huko duniani. Aliyekuwa navyo tayari kwenye mashine yake alijenga; aliyefuta folda yake Ijumaa kwa usafi alikaa. Gitea, ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo bado, ina ghala lake la vifurushi kama Forgejo, na wiki hiyo nilidhani ndilo dawa. Silo. Ghala lile linatunza vifurushi unavyovipeleka wewe mwenyewe. Haliendi kukuchukulia vya wengine na kukuwekea nakala. Kwa npm nikaongeza Verdaccio kwenye kisanduku kilekile, ambayo hukaa katikati na kukumbuka kila ilichowahi kuombwa. Kwa Composer bado tunahangaika, tunabeba folda kwenye flashi kama enzi za intaneti kafe.

Kufika kwenye seva ukiwa nje ya ofisi ni kisa kingine. Mtandao wetu wa ofisi hauna anwani yake ya umma. Tunagawana moja na wateja wengine wa mtoa huduma, kwa hiyo hakuna anayeweza kutubishia hodi kutoka nje. Nilikodi seva ndogo Ujerumani, nikaweka WireGuard, programu ya kuunganisha mashine kwa njia ya siri (VPN), kisanduku cha Sinza kinaipigia simu muda wote na laptopu za watu nazo zinaipigia hukohuko. Maana yake mtu akipushi kutoka Kigamboni, kodi inavuka bahari mpaka Ulaya, inageuka, inarudi Sinza, safari ambayo kwa pantoni na daladala ni chini ya kilometa ishirini. Kwenda na kurudi ni milisekunde mia tatu na ushee. Inavumilika. Kinachopita huko kimefungwa kwa ufunguo na hakikai, na mwanasheria wa zahanati alikubali baada ya kumchorea kwenye karatasi. Faida nyingine ni kwamba ukurasa wa kuingilia hauonekani na ulimwengu, kwa hiyo hatuna habari za maroboti yanayojisajili usiku. Hata hivyo usajili wa watu wapya nimeuzima kwenye app.ini, faili la mipangilio ya Forgejo, nawe uzime.

Tukio lililonikondesha ni la Agosti 2024. Mwanafunzi aliyekuja filidi alikuwa amekomiti faili la SQL la MB 14, "data za majaribio." Zilikaa wiki tatu. Siku moja nikawa natafuta kitu kingine, nikalifungua, nikaona majina matatu kamili, namba za simu, na safu iitwayo "utambuzi". Hakuna mtu anayebuni data za majaribio zenye makosa ya tahajia ya kweli namna ile. Walikuwa wagonjwa.

Kulifuta faili ni amri moja, na haisaidii kitu. Git, programu ya kutunza historia ya kodi ambayo Forgejo imejengwa juu yake, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, iliandikwa isisahau; faili limeondoka leo lakini komiti ya wiki tatu nyuma bado inalo. Tulibaki mimi na yule kijana mpaka saa nne usiku. Tukapitisha git filter-repo kwenye nakala mpya, historia ikaandikwa upya bila lile faili, tukapushi kwa nguvu. Nikachukua namba ya utambulisho ya faili lenyewe, nikaiuliza seva kwa git cat-file: unamjua huyu? Ikajibu inamjua. PR mbili za zamani zilikuwa bado zinamshikilia, maana seva hutunza rejea ya kila PR chini ya refs/pull hata baada ya brenchi kufutwa. Tukazifuta. Bado inamjua. Ikabidi kufuta na kumbukumbu za reflog, ambazo seva hii huzitunza tofauti na repo ya kawaida ya seva, kisha git gc kwa amri ya kutupa taka papo hapo, kwa sababu isipoambiwa hivyo huvumilia wiki mbili. Nikauliza mara ya tatu. Haikumtambua. Kijana akapumua.

Nami nikakumbuka bakapu. Usiku ishirini na moja, zip ishirini na moja, zote zina wagonjwa ndani.

Tulizifuta zote, tukatengeneza moja mpya, na asubuhi kila mtu akafuta repo yake na kuivuta upya. Kwa jambo hili moja naweza kusema kukaa na seva yako kuna raha yake: ukitaka kitu kifutike, unaingia mwenyewe mpaka uvunguni na kuhakikisha. Kwenye huduma ya kukodi unafika mahali unaandika barua kwa mhudumu, unasubiri. Yule mwanafunzi, kwa taarifa yenu, sasa tumemwajiri, na ndiye mkali kuliko wote kwenye kukagua PR.

Ile diski ya Kariakoo ilikufa Machi 2025, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi. Haikuugua wala haikutoa onyo. Mashine ilijizima ikawaka, na kwenye orodha ya diski hapakuwa na kitu.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Kodi haikupotea hata mstari, na haingepotea hata kama nisingekuwa na bakapu, kwa sababu kila laptopu ya timu ina historia nzima. Ndani ya nusu saa wawili wetu walikuwa wanavutiana komiti moja kwa moja, laptopu kwa laptopu, kama majirani wanaoazimana chumvi. Kinachokaa kwenye seva peke yake ni yale mengine: maoni ya PR, orodha ya kasoro, akaunti, nani ana ruhusa gani. Hata wakubwa iliwatokea hivyohivyo. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia, na katika njia tano za bakapu na nakala walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa tayari kuwaokoa sawasawa. Repo za wateja zilibaki salama. Data za hifadhidata za saa kama sita zikaenda. Wenyewe waliandika yote hadharani. Niliyasoma nikiwa bado mtu wa PHP, nikawaonea huruma kwa mbali.

Mimi nilikuwa na zip ya saa nane usiku. Amri ya forgejo dump huifunga seva nzima kwenye zip moja kila usiku na script yangu huipeleka kwenye diski zote mbili za nje, ikiwa imefungwa kwa nywila. Kufunga kuna amri. Kufungua hakuna: unafumua zip kwa mkono, unarudisha kila kitu mahali pake, unaingiza hifadhidata. Sawa, nikachukua laptopu ya zamani yenye bawaba iliyovunjika, nikaegemeza kioo chake ukutani, nikaanza. Saa tano ukurasa ukafunguka. Nikaingiza jina, nywila, na ile namba ya tarakimu sita ya kwenye simu. Imekosewa. Nikasubiri namba mpya. Imekosewa. Nikamwita mwenzangu ajaribu ya kwake. Imekosewa.

Kosa lilikuwa langu, na la kijinga la mtu anayejiona mwerevu. Kwa kuwa app.ini ina siri, script yangu ilikuwa inaitoa kwenye zip kabla ya kuisafirisha, na nakala za diski zote mbili zilikuwa hazina app.ini. Nikaiandika upya kwa kukumbuka, na mahali pa SECRET_KEY nikazalisha mpya. Ufunguo huo ndio unaofungia siri za uthibitisho wa hatua mbili za kila mtu. Ukibadilika, namba zote za kwenye simu, zile za tarakimu sita, ni batili, hata ya msimamizi mwenyewe anayepaswa kuwafungulia wengine. Nilifungua hifadhidata kwa sqlite3, nikafuta mistari ya jedwali la two_factor, sote tukaingia kwa nywila tu na kujisajili upya.

Tukadhani tumemaliza. Wa kwanza kupushi akakataliwa, kwa sababu kwenye kila repo kuna vijiscript vinavyokumbuka programu ilikaa wapi, na mimi nilikuwa nimeiweka saraka nyingine. Hiyo dawa yake ni amri moja, forgejo admin regenerate hooks. Saa nane na nusu mchana tulikuwa hewani. Saa tano na nusu kwa jumla, pamoja na chipsi mayai.

Kuhusu umeme nitasema machache maana kila msomaji wa hapa anaujua. Ninaandika kila kukatika kwenye kaunta buku; tangu Juni 2023 nimefikisha mistari 68, mingi ikiwa ni saluni, mitatu ikiwa ni LUKU tuliyosahau sisi wenyewe. Kati ya hiyo, mashine ilizimika kabisa mara 11 na SQLite haijaharibika hata mara moja. Ingia kwenye mipangilio ya mashine uiambie iwake yenyewe umeme ukirudi, la sivyo utakuwa unapanda bajaji usiku kwenda kubonyeza kitufe. Unganisha UPS kwa waya wa USB na uweke NUT, programu inayoisikiliza UPS, ili mashine ijizime kistaarabu betri ikikaribia kuisha. Na usiifungie kabatini. Januari ya kwanza niliifungia, kwa usalama, ikapanda nyuzi 80 na ushee. Nikaitoa nikaiweka juu ya vipande viwili vya mbao, ikashuka hadi 60. Mjusi mmoja amehamia nyuma yake kwa ajili ya joto, tunaheshimiana.

Yasiyonifurahisha. Actions, ile sehemu ya kujaribu kodi yenyewe kila ukipushi, inafanya kazi na maandishi yake yanafanana na ya GitHub, ila inadai mtendaji wake wa pembeni na, kwa kawaida, Docker (programu ya kuendesha kazi kwenye chumba kilichotengwa ndani ya mashine), na nilipoiweka kwenye kisanduku kilekile kila kitu kikawa kizito. Nimeihamishia kwenye ile laptopu ya bawaba. Arifa za barua pepe zinataka seva ya barua unayoiamini, kwa hiyo tumeelekeza kila kitu kwenye kundi la Telegram. Kutafuta neno ndani ya kodi za repo zote hakuwezekani usipowasha faharasa, na faharasa inakula diski.

Kwa timu ya watu wawili nasema msijisumbue. Kwa watu watano mpaka kumi na tano walio kwenye chumba kimoja siku nyingi za wiki, na walio na mtu mmoja anayepatwa na hasira ya kweli akikuta bakapu ya jana haipo, Forgejo naipa nne na nusu kati ya tano. Ile nusu nimeikata kwa kukosa amri ya kurejesha. Mpangilio wetu mzima, pamoja na mimi, naupa tatu.

Tatu kwa sababu mpaka mwezi uliopita yote haya yalikuwa kichwani mwangu. Sasa kuna bahasha ya kaki kwenye droo ya mhasibu, imefungwa kwa gundi na kupigwa mhuri wa ofisi: app.ini nzima imechapwa, nywila ya zip, ramani ya nyaya, na hatua za kurejesha kwa mwandiko wangu. Wiki ijayo naenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu, siku tano. Jumatano yule wa Kigamboni atafungua bahasha, atachukua laptopu nyingine tupu, na kuirejesha seva nzima kutoka kwenye zip ya usiku wake, huku ya kweli ikiendelea juu ya kabati. Nimemwambia asinipigie. Ameniuliza, "Hata nikikwama, dada?" Nimemwambia akikwama aandike alipokwamia, kwenye karatasi ileile, pembeni ya hatua husika.